JAX-WS, CXF au Spring? Kwanza tutenganishe njia na gari

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Tunatengeneza mfumo wa mikopo kwa Java. Sasa hivi unaendeshwa kwa Java 8, Tomcat 9 na Spring 5, na sehemu inayozungumza na benki imeandikwa kwa Axis 1.4, maktaba ya zamani ya SOAP. Benki imetupa WSDL mpya (faili la XML linaloeleza huduma yao na ujumbe wake), na inataka kila ujumbe uwe na sahihi ya kidijitali. Juu ya hapo tunatakiwa kufungua API ya REST kwa ajili ya programu ya simu ya wateja. Mwenzangu mmoja anasema tushike viwango tu, yaani JAX-WS na JAX-RS. Mkuu wetu anataka CXF. Wa tatu anasema Spring inatosha. Tumshike nani?"

Wenzako hawabishani juu ya kitu kimoja, ndiyo maana mabishano hayaishi. JAX-WS na JAX-RS ni viwango vya Java: cha kwanza ni cha huduma za SOAP, yaani ujumbe wa XML ndani ya bahasha maalumu, na cha pili ni cha REST, yaani maombi ya kawaida ya HTTP, mara nyingi kwa JSON. Ni maandishi yanayosema anotesheni zinaitwaje, klasi na violesura gani vipo, na nini kitokee ujumbe ukifika. Ndani yake hamna msimbo wa kufungua muunganisho wala wa kusoma XML. CXF ni utekelezaji wa viwango hivyo, vyote viwili. Kuuliza "JAX-WS au CXF" ni kama mtu aliye kituoni kuuliza apande njia ya Mbagala au apande Coaster. Coaster ndiyo inayopita kwenye njia hiyo. Swali la maana ni gari lipi, na je, linabeba mzigo wako?

Orodha ya magari si ndefu. Kwa JAX-WS kuna Metro, ambayo ndiyo utekelezaji wa mfano uliotoka pamoja na kiwango chenyewe, kuna Apache CXF, na kuna Axis2. Kwa JAX-RS kuna Jersey, RESTEasy na CXF tena. Spring iko pembeni kidogo. Spring MVC haitekelezi JAX-RS, na Spring-WS haitekelezi JAX-WS. Zote mbili zina anotesheni zake na namna zake. Anayesema "Spring inatosha" anakuambia uhame njia, si ubadilishe gari. Huenda ana haki, ila mjue kwamba hicho ndicho mnachoamua.

Kabla ya kubishana zaidi, fungueni WSDL

Nusu ya uamuzi imo ndani ya faili hilo. Tafuteni sehemu ya `binding`, muangalie mambo mawili: `style` imeandikwa nini, na kwenye `soap:body`, `use` imeandikwa nini. Mkikuta `document` na `literal`, hakuna shida, chombo chochote cha JAX-WS kitaisoma. Mkikuta `rpc` na `literal` bado mko salama. Mkikuta `use="encoded"`, simameni hapo hapo. Mtindo huo ulipigwa marufuku na WS-I Basic Profile (makubaliano ya kufanya huduma za SOAP zielewane), na JAX-WS haikuuchukua kabisa. `wsimport`, chombo cha JAX-WS cha kuzalisha klasi kutoka kwenye WSDL, itaukataa kwa kusema wazi kwamba rpc/encoded haikubaliki, na CXF nayo haitakusaidia.

Hiyo ndiyo sababu inayofanya Axis 1.4 iendelee kuishi katika mifumo mingi ya fedha: inaelewa rpc/encoded. Lakini ni toleo la mwaka 2006, halikufuatiwa na lingine katika mstari wa Axis 1, na lina mashimo ya usalama yanayojulikana hadharani, likiwemo lile lenye namba CVE-2019-0227. Ikitokea WSDL mpya nayo ni `encoded`, msirudi kwenye Axis. Tungeni ujumbe wenyewe: ndani ya JAX-WS kuna `Dispatch<SOAPMessage>`, inayokuruhusu kuandika bahasha ya SOAP kwa mkono na kuituma, na Spring-WS ina `WebServiceTemplate` inayofanya kazi kwenye XML ghafi. Kazi ni ya kuchosha kidogo, lakini huduma za benki huwa chache. Operesheni nne au tano zinaandikika.

Jambo la tatu la kutazama ni kama WSDL ina vipengele vya `wsp:Policy`. Vikiwepo, benki imeeleza humo humo sahihi inavyotakiwa: vipande gani visainiwe, kwa algorithimu gani, na kama muhuri wa muda unahitajika. Visipokuwepo, maelezo hayo yako kwenye hati ya PDF au kichwani mwa mtu fulani kule benki. Ombeni kwa maandishi, pamoja na mfano mmoja wa ujumbe uliokubaliwa na seva yao.

Pale kiwango kinapokaa kimya

Mwenzenu anayesema "tushike viwango tu" ana hoja nzuri. Msimbo ulioandikwa kwa `@WebService`, `Service` na `BindingProvider` unahamishika kutoka Metro kwenda CXF bila kuguswa. Shida ni kwamba kiwango cha JAX-WS kinanyamaza katika mambo ambayo, mfumo ukishaingia kazini, ndiyo yanayowaamsha watu usiku. Hakisemi chochote kuhusu WS-Security (kanuni za kusaini na kulinda ujumbe wa SOAP), wala kuhusu kuandika ujumbe kwenye logi. Na kinachoumiza zaidi, hakina jina la kuweka muda wa kusubiri jibu.

Hili la muda tulitazame kwa karibu. Anwani ya huduma ina jina rasmi la kiwango, `BindingProvider.ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY`, na kila utekelezaji unaliheshimu. Muda wa kusubiri hauna jina kama hilo. Katika utekelezaji uliokuwa ndani ya JDK 8, kigezo kinaitwa `com.sun.xml.internal.ws.request.timeout`. Katika Metro inayopakuliwa peke yake, ni jina hilo hilo bila neno `internal`. CXF ina klasi yake. Usipoweka chochote, Metro inasubiri bila kikomo, wakati CXF inasubiri sekunde 30 kuunganisha na sekunde 60 kupata jibu.

Sasa tazama linavyoweza kuwapiga. Timu iko Java 8 na imeweka kigezo chenye `internal`. Inahamia Java 11, ambayo ilitoka Septemba 2018 bila JAX-WS wala JAXB, inayogeuza XML kuwa vitu vya Java na kinyume chake, ndani yake (ziliingizwa JDK tangu Java 6, zikaondolewa kwa JEP 320). Kosa la kwanza linaonekana mapema: `NoClassDefFoundError` ya `javax/xml/bind/JAXBContext`. Wanaongeza `jaxws-rt`, maktaba ya Metro, kwenye Maven (chombo cha kujenga mradi), kosa linaisha, majaribio yanapita. Ila sasa wanatumia Metro ya nje, na kigezo chenye `internal` hakisomwi tena. Hakuna onyo lolote. Wiki kadhaa baadaye seva ya benki inakwama, kila ombi linasubiri milele, na thredi 200 ambazo Tomcat hutoa kwa chaguo-msingi zinaisha moja baada ya nyingine. Mfumo mzima unaganda, hata kurasa zisizohusiana na benki. Kila mtu anatafuta kosa kwenye hifadhidata.

Kwa CXF, muda unawekwa hivi, na kuna faida kwamba kosa la jina litakataliwa na kompaila badala ya kupita kimya:

```java
BindingProvider bp = (BindingProvider) malipoPort;
bp.getRequestContext().put(
    BindingProvider.ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY, anwani);

HTTPConduit bomba = (HTTPConduit)
    ClientProxy.getClient(malipoPort).getConduit();
HTTPClientPolicy sera = new HTTPClientPolicy();
sera.setConnectionTimeout(5000);
sera.setReceiveTimeout(40000);
bomba.setClient(sera);
```

Sehemu ya kwanza ni kiwango. Inayofuata ni CXF tupu, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuitawanya katika klasi arobaini. Iwekeni kwenye pakeji moja, tuseme `benki.lango`, nyuma ya kiolesura chenu wenyewe chenye maneno ya biashara yenu: `lipa`, `ulizaHali`, `thibitishaAkaunti`. Kisha muwe na kipimo rahisi cha nidhamu: tafuteni `import org.apache.cxf` katika mradi mzima. Ikijitokeza nje ya pakeji hiyo, mtu amevunja ukuta.

Na kwa kuwa hapa ni fedha: ombi kukatika kwa muda hakumaanishi kwamba benki haijalitekeleza. Tengenezeni namba ya rejea, muihifadhi kwenye hifadhidata kabla ya kutuma, na ombi likikatika muulize hali yake kwa namba hiyo. Kutuma upya bila kuuliza ndiko kunakomlipa mteja mara mbili.

Sahihi ya kidijitali, na kwa nini mkuu wenu ana haki

Kwa mzigo huu ninyi mnahitaji CXF. Nyuma yake kuna maktaba ya WSS4J, inayofanya kazi yenyewe ya kusaini na kuhakiki. (Axis2 nayo hutumia WSS4J kupitia moduli yake iitwayo Rampart, lakini sioni sababu ya mtu anayeanza leo kuichagua.) Kama WSDL ina `wsp:Policy`, mkiweka `cxf-rt-ws-policy` na `cxf-rt-ws-security` kwenye vitegemezi, CXF itazisoma sera na kusaini inavyotakiwa. Kazi yenu inabaki kutaja hifadhi ya funguo kwa `ws-security.signature.properties`, jina la ufunguo kwa `ws-security.signature.username`, na klasi ya kutoa nywila kwa `ws-security.callback-handler`. Spring-WS haisomi sera hizo kutoka kwenye WSDL. Unaipangia mwenyewe kwa `Wss4jSecurityInterceptor`. Kama sera haimo kwenye WSDL, pengo kati ya hizo mbili linapungua sana, maana hata CXF utaipangia kwa mkono kupitia `WSS4JOutInterceptor`, ukiandika kitendo kama `Timestamp Signature`.

Sehemu hii huharibika kwa sababu tatu, na karibu kila mara ni hizo hizo.

Saa. Muhuri wa muda wa WSS4J huishi sekunde 300 kwa chaguo-msingi, na upande unaopokea huvumilia sekunde 60 tu za saa iliyotangulia mbele. Seva yenu ikitangulia dakika mbili, kila ujumbe utakataliwa, na kosa mtakalopewa halitataja saa waziwazi. Hakikisheni NTP (huduma ya kusawazisha saa za seva) inafanya kazi kabla ya kulaumu cheti.

Kuugusa ujumbe baada ya kusaini. Sahihi inakokotolewa juu ya XML ilivyo, pamoja na nafasi tupu zilizomo ndani ya kilichosainiwa. Kifaa chochote cha njiani kinachopanga XML upya ili ipendeze kinaivunja. Ndiyo maana ujumbe ulionakiliwa kutoka kwenye logi iliyopangwa vizuri, ukabandikwa kwenye SoapUI (chombo cha kujaribia huduma za SOAP) na kutumwa, hukataliwa, hata kama ule wa asili ulipita salama. Watu hupoteza siku nzima hapo wakidhani ufunguo ni mbovu.

Kusaini kisichotakiwa. Usipotaja sehemu za kusaini, WSS4J husaini mwili wa SOAP peke yake. Benki nyingi hutaka na muhuri wa muda usainiwe, vinginevyo mtu anaweza kuubadilisha na kuutuma ujumbe wa zamani kama mpya. Sehemu hizo hutajwa kwa `signatureParts`.

javax na jakarta: hapa ndipo matoleo yanapogombana

Oracle ilipoikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, jina la pakeji `javax` halikwenda pamoja nayo kwa matumizi mapya. Jakarta EE 9, ya mwisho wa 2020, ikabadilisha kila kitu kuwa `jakarta`. Kwa hiyo kuna dunia mbili, na haziingiliani ndani ya programu moja. Dunia ya `javax`: Tomcat 9, Spring 5, Spring Boot 2, CXF 3. Dunia ya `jakarta`: Tomcat 10.1, Spring 6, Spring Boot 3, CXF 4, na hapo Java 17 ndiyo ya chini kabisa. Chagueni dunia moja, mkae humo.

Mkichanganya, msitegemee kosa kubwa jekundu. Klasi yenye `javax.ws.rs.Path` ikiwekwa mbele ya Jersey 3 haipigiwi kelele. Haionekani tu, na unachopata ni 404. Mtego mwingine uko Maven: `jakarta.xml.ws-api` toleo la 2.3.3 lina neno jakarta kwenye jina lake, lakini pakeji zilizo ndani bado ni `javax.xml.ws`. Ni kuanzia 3.0 ndipo ndani na nje vinafanana. Kwa hiyo fungueni jar muangalie. Jina la kwenye pom.xml halitoshi kuwa ushahidi.

Kwenu ninyi ushauri ni huu: msihamishe vyote kwa pamoja. Kaeni dunia ya `javax` kwa sasa, na CXF 3.5 kama lazima mbaki Java 8, au CXF 3.6 mkishafika Java 11. Toeni Axis kwanza. Mkishatulia, ndipo mruke kwenda Java 17, Tomcat 10.1, Spring 6 na CXF 4 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa hatua hiyo haigawanyiki.

Mnatumia Tomcat, na Tomcat haiji na JAX-WS wala JAX-RS, hivyo CXF mtaifunga wenyewe ndani ya WAR, yaani kifurushi cha programu yenu. Mngekuwa WildFly hadithi ingekuwa nyingine: humo tayari kuna CXF kwa SOAP na RESTEasy kwa REST. Ukipachika CXF yako juu ya hiyo unapata klasi moja iliyopakiwa mara mbili, na `ClassCastException` inayosema klasi X haiwezi kuwa klasi X. Kwenye seva kamili, seva imeshakuchagulia. Kubali uchaguzi wake, au hama seva.

REST ya programu ya simu

Hapa mwenzenu wa tatu anashinda, na kwa sababu nyepesi: Spring 5 mnayo tayari. Kuleta JAX-RS ili tu muwe "kwenye kiwango" kutawapa njia mbili za kuandika filta, njia mbili za kushughulikia makosa, na mgeni kwenye timu atauliza kila siku ipi ni ipi. Andikeni kwa `@RestController`, muendelee.

Kama mngekuwa mnaanza upya kwenye WildFly, Open Liberty au Quarkus, ningesema JAX-RS bila kusita. Ila hata huko, kiwango kilikaa kimya kwa muda mrefu katika jambo ambalo mfumo wa mikopo unalihitaji siku ya kwanza: mteja kupandisha picha ya kitambulisho. Fomu yenye faili haikuwa na namna rasmi hadi JAX-RS 3.1 ya mwaka 2022, ilipoingia `EntityPart`. Kabla ya hapo Jersey ilikuwa na `@FormDataParam`, RESTEasy ilikuwa na `MultipartFormDataInput`, CXF na `@Multipart`. Programu "iliyofuata kiwango" ilifungwa na fremuweki kwenye kitufe cha kupakia picha.

Vyovyote mtakavyochagua, msizirudishe kwa simu klasi zilizozalishwa kutoka kwenye WSDL ya benki. Inavutia, maana zipo tayari. Lakini tarehe zitatoka kama `XMLGregorianCalendar`, na kila kipengele chenye `minOccurs="0"` pamoja na `nillable="true"` kitakuwa `JAXBElement<String>`, ambacho kwenye JSON kinageuka kitu chenye `name`, `declaredType` na `scope` badala ya neno moja. Hilo la pili hupunguzwa kwa faili la bindings lenye `generateElementProperty="false"`, na ni vizuri mliweke hata kwa faida yenu wenyewe. Ila hoja kubwa ni nyingine: benki ikibadilisha WSDL, programu iliyo kwenye simu za wateja haitakiwi kujua.

Kutoa Axis bila kuzima huduma

Andikeni kwanza kile kiolesura cha `benki.lango`, na utekelezaji wake wa kwanza uwe ni Axis ile ile, imefunikwa tu. Wekeni hali hiyo kazini. Haibadilishi tabia yoyote, lakini sasa Axis iko nyuma ya ukuta. Kisha nakilini WSDL mpya, pamoja na XSD zake zote (faili zinazoeleza maumbo ya data), ziingie `src/main/resources`, mzalishe klasi kwa `cxf-codegen-plugin` wakati wa kujenga mradi. Msiache mteja asome WSDL kutoka kwenye seva ya benki kila anapoanza. Siku seva yao ikiwa chini, yenu nayo itakataa kuwaka.

Kitu `Service` kitengenezwe mara moja programu inapoanza, kwa sababu kukitengeneza ni ghali. Proksi ya CXF inaweza kutumiwa na thredi nyingi ilimradi hakuna anayegusa `RequestContext` yake katikati ya safari. Ikibidi kuigusa kwa kila ombi, wekeni `thread.local.request.context` kuwa `true`. Kiwango hakiahidi usalama huo, kwa hiyo mstari huo nao unakaa ndani ya ukuta pamoja na ule wa muda wa kusubiri.

Kama huduma za zamani bado ziko hai kwenye mazingira ya majaribio ya benki, tumeni ombi la kuuliza salio kwa Axis na kwa CXF, mkamate XML zote mbili, mzilinganishe. Tazameni hasa namespace, mpangilio wa vipengele, na vipengele vitupu. Axis 1 hupenda kutuma `xsi:nil` pale JAXB inapoacha kipengele kabisa, na kuna seva zinazochukulia hayo kuwa mambo mawili tofauti. Tofauti zikiisha, badilisheni utekelezaji kwa kigezo cha usanidi, muanze na kuuliza hali, malipo yafuate mwisho. Jar za Axis zifutwe kwenye pom.xml wiki ambayo hakuna aliyezigusa, pamoja na `wsdl4j` na `commons-discovery` zake, ila `wsdl4j` mtaikuta imerudi, kwa kuwa CXF nayo huitumia.